Pampu Ikipoteza Nguvu, Geji Ndiyo ya Kuulizwa Kwanza

ELIMU KWA UMMA: MAJI, KILIMO NA UCHUKUZI

Maji ya Mto Sabaki hubadilika rangi hata kabla mvua haijanyesha Malindi. Mvua kubwa ikipiga Machakos na nyanda za juu, Mto Athi hufurika, huungana na Tsavo na kuwa Galana, na siku chache baadaye wakulima wa Langobaya na wenzao wa upande wa Magarini huamka wakakuta mto una rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Mvua ya pwani ikichelewa wakati huo, shamba linahitaji maji na maji yaliyopo ni tope. Pampu iliyokuwa ikifikisha maji hadi mwisho wa shamba inaanza kukohoa. Nyanya zilizoanza kutoa maua zinakaa siku tatu bila kunyweshwa. Mwenye shamba anaita fundi, na mara nyingi anaambiwa pampu imekwisha, atafute nyingine.

Pampu nyingi za namna hiyo bado ni nzima. Zimezibwa mahali fulani, au zinavuta hewa, au injini inayozizungusha imechoka kwa sababu haipumui vizuri. Kasoro zote hizi huonekana sawa kwa macho: maji ni machache. Zinatenganishwa kwa kupima presha, na kifaa cha kupimia ni geji ndogo ya mviringo ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya pampu mpya. Wakulima wachache huwa nayo. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu geji moja huokoa siku nzima ya kufungua na kufunga bolti kwa kubahatisha.

Presha kwa mita

Geji nyingi huandikwa bar upande mmoja na psi upande wa pili. Bar 1 ni sawa na psi 14.5, na kwa mwenye shamba maana yake rahisi ni hii: bar 1 inaweza kuinua maji mita 10 hivi. Shamba likiwa juu ya pampu kwa mita 12, pampu inahitaji bar 1.2 ili tu maji yafike pale juu yakiwa yamesimama. Ili yatoke kwa nguvu, inahitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa paipu nayo hula presha yake, hasa ikiwa nyembamba na ndefu.

Geji ikifungwa kwenye paipu ya kutolea maji, karibu na pampu na kabla ya valvu, inasoma jinsi pampu inavyosukuma. Mkulima mwenye busara huiangalia siku pampu ikiwa mpya au imetoka tu kutengenezwa, akaandika namba mbili kwenye daftari au hata kwenye ukuta wa kibanda. Ya kwanza ni presha wakati maji yanakwenda shambani kama kawaida. Ya pili ni presha wakati valvu ya kutolea imefungwa kabisa kwa nusu dakika injini ikiwa katika mwendo wake kamili. Nusu dakika inatosha. Maji yakizungushwa ndani ya pampu iliyofungwa kwa muda mrefu huchemka na kuharibu sili. Kipimo hiki cha pili ni cha pampu za kawaida zinazorusha maji kwa impela, yaani gurudumu lenye mapezi linalozunguka ndani. Pampu ya pistoni haifungwi valvu hata kidogo, itapasua kitu.

Namba hizo mbili ndizo kumbukumbu. Bila hizo, mtu hajui kama bar 1.5 anayoiona leo ni nzuri au mbaya.

Sasa pampu ikilegea, geji inasema mambo matatu tofauti. Presha ikipanda juu ya ile ya kawaida na maji yakapungua, kizuizi kiko mbele ya geji, upande wa shamba: kichujio kimeziba, valvu haijafunguka vizuri, au paipu imekunjwa mahali. Presha ikishuka na maji yakapungua, tatizo liko kwenye pampu yenyewe au nyuma yake, upande wa mto. Na sindano ya geji ikichezacheza bila kutulia, huku maji yakitoka kwa kurukaruka, pampu inakula hewa.

Kuna hali ya nne inayowachanganya wengi. Presha inashuka lakini kwenye pampu maji yanatoka kwa wingi. Hapo paipu imepasuka au imechomoka mahali shambani, na maji yanapita bila kukutana na upinzani wowote. Fundi aliyefika na spana mkononi anaweza kufungua pampu nzima kabla ya mtu yeyote kutembea kando ya paipu kuangalia. Kutembea ni bure, na kuje kwanza.

Upande wa mto

Pampu haivuti maji kama mtu anavyovuta kamba. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya paipu ya kunyonyea, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Uzito huo, pwani kabisa, unaweza kuinua maji mita 10.3 na si zaidi, hata pampu iwe ya bei gani. Ukiondoa upotevu wa njiani, kazi halisi ni mita 7 hivi. Ndiyo sababu mto ukishuka wakati wa kiangazi, pampu iliyokaa pale pale juu ya ukingo inaanza kushindwa ingawa haijaharibika. Dawa yake ni kuisogeza pampu karibu na maji, mahali pa tambarare.

Kwenye mdomo wa paipu ya kunyonyea huwa na kichujio chenye matundu. Hicho ndicho cha kwanza kuziba mto ukichafuka, na ndicho cha kwanza kutupwa. "Mzee, toa hicho, ndicho kinachozuia maji," kijana wa pampu atasema, na kweli kikitolewa maji hurudi kwa kishindo. Hurudi na mchanga, majani na vijiti. Mchanga wa Sabaki ukipita ndani ya impela inayozunguka mara 3,600 kwa dakika hufanya kazi ya msasa. Mapezi hupungua, nafasi kati ya impela na ganda la pampu hupanuka, na maji huanza kuzunguka mumo humo badala ya kwenda mbele. Baada ya msimu mmoja au miwili, ile namba ya pili ya daftarini, ya valvu ikiwa imefungwa, itakuwa imeshuka na haitapanda tena kwa kusafisha chochote. Hapo ndipo pampu imekwisha kweli.

Badala ya kukitoa, kichujio cha mdomo kinafungwa ndani ya kapu la miwa au ndoo kubwa iliyotobolewa matundu mengi, kikaning'inizwa kwenye boya la debe tupu ili kisikae chini kwenye tope. Kiwe chini ya uso wa maji angalau sentimita 30, la sivyo maji huzunguka kama kwenye shimo la sinki na kuvuta hewa. Kiwe pia juu ya kitanda cha mto kwa kiasi kama hicho. Jumla ya matundu ya kapu iwe kubwa mara kadhaa kuliko mdomo wa paipu, ndipo maji yaingie taratibu bila kuvuta takataka.

Kichujio cha mdomo kikiziba, pampu hulia. Sauti yake ni kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo, na watu hudhani mawe yameingia. Hakuna mawe. Maji yaliyonyimwa njia hugeuka mvuke kwenye mapezi ya impela, na viputo vya mvuke hupasuka kwa nguvu inayochimba chuma. Mwenye geji ya pili, ile inayopima mvuto upande wa kunyonyea, ataona mapema: pampu iliyo mita 4 juu ya maji husoma mvuto wa karibu bar 0.4 au zaidi kidogo, na ikifika 0.7 ujue mdomo umeziba. Asiye na geji hiyo asikilize.

Hewa ni adui wa aina nyingine kwa sababu haionekani. Kiungo cha paipu ya kunyonyea kilicholegea hakivuji maji, kinaingiza hewa. Mtu anaweza kukiangalia asubuhi nzima kikiwa kikavu na akakipita. Njia ya kukipata ni povu zito la sabuni likapakwa kwenye kila klipu na kila kiungo pampu ikifanya kazi. Mahali povu linapomezwa ndani, ndipo penye tatizo. Mipira ya zamani iliyopasuka kwa jua la Langobaya humezwa povu kwenye mwili wake wote, na hiyo haina dawa ila kubadilishwa. Pampu inayohitaji kujazwa maji upya kila asubuhi, huku viungo ni vizima, ichunguzwe valvu ya chini inayozuia maji yasirudi mtoni. Mara nyingi kijiti kimoja kimekwama kwenye mdomo wake.

Injini isiingie kisimani

Mpaka ule wa mita 7 umewaua watu. Kisima kikishuka, mtu huona njia rahisi ni kuiteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima, kwenye jukwaa la mbao, ili ikaribie maji. Injini hufanya kazi vizuri kabisa. Moshi wake hauna pa kwenda. Ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na anayeshuka kuizima au kuongeza petroli huanguka dakika chache baadaye. Wa pili anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake.

Injini ya petroli au dizeli haiwekwi ndani ya kisima, shimo, au kibanda kilichofungwa, hata kwa dakika tano, hata mlango ukiachwa wazi. Kisima kirefu kinahitaji pampu ya umeme au ya sola inayozamishwa majini, na hiyo husukuma kutoka chini badala ya kunyonya. Mtu akianguka kisimani, asishuke mwingine bila kifaa cha kupumulia. Injini izimwe ikiwezekana kutoka juu, na ipigwe simu 999 au 112.

Kichujio cha mpira wa matone

Wakulima wanaotumia mipira ya matone wana kichujio cha pili, shambani, na hiki kina tabia nzuri ya kujieleza. Kikiwa kisafi, presha kabla yake na baada yake hutofautiana kidogo tu, kama bar 0.1 hadi 0.3. Kadiri kinavyojaa, ndivyo tofauti inavyopanuka. Ikifika bar 0.5, kinafunguliwa na kuoshwa. Geji mbili zinatosha, au hata moja inayohamishwa kutoka tundu la mbele hadi la nyuma. Faida ya kutumia moja ni kwamba kosa lake ni lile lile pande zote mbili.

Wavu wa kichujio cha matone kwa kawaida ni wa mikroni 130, ambayo ni takriban unene wa nywele mbili za mtu. Anayeutoboa ili maji yapite haraka anahamisha tope kutoka kwenye wavu unaooshwa kwa dakika kumi hadi kwenye vitundu elfu vya matone, na hivyo haviwezi kuoshwa kimoja kimoja. Tofauti ya presha ikiwa sifuri kabisa huku maji ya mto ni machafu, hiyo si habari njema. Wavu umechanika au haupo.

Mto ukichafuka sana, kichujio huziba kila nusu saa na mtu huchoka. Kuosha mara nyingi zaidi hakusaidii. Kinachosaidia ni kuyaacha maji yatulie kwanza kwenye bwawa dogo au tangi, mchanga ukae chini, kisha yapigwe pampu kutoka juu. Hata Baricho, kituo kinachotoa maji ya Malindi, Kilifi na Mombasa, hakitegemei maji ya juu ya mto; visima vyake vimechimbwa kandokando ya Sabaki, na mchanga wa mto wenyewe ndio unaochuja kazi ya kwanza.

Pampu dhaifu, injini yenye kiu

Tuseme mkulima ana pampu ya inchi 3 ambayo ikiwa mpya inaweza kuinua maji mita 28. Ameiweka mita 4 juu ya mto. Akifunga valvu, geji husoma takriban bar 2.4, na shamba lake liko mita 12 juu ya pampu. Mambo yanakwenda vizuri mwaka mzima. Kisha maji yanapungua polepole, wiki baada ya wiki. Ameosha kichujio cha mdomo, hakuna hewa inayoingia, paipu ni nzima. Akifunga valvu, geji inasoma bar 1.4. Fundi anasema impela imeliwa.

Huenda. Lakini ipo sababu nyingine inayotoa namba ile ile. Presha ya pampu hufuata mwendo wa injini, na haifuati kwa usawa: injini ikipungua mwendo hadi asilimia 80, presha haishuki hadi asilimia 80, hushuka hadi asilimia 64, kwa sababu 0.8 mara 0.8 ni 0.64. Mita 28 zinakuwa 18 hivi. Ukitoa zile 4 za kunyonya, zinabaki 14, na hiyo ndiyo bar 1.4 ya kwenye geji. Shamba linahitaji 1.2 ili tu maji yafike, basi kinachotoka ni mchirizi. Sikio la mtu aliyezoea injini yake kila siku halitambui upungufu huo ukija kidogo kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua pampu, kifunguliwe kifuniko cha kichujio cha hewa cha injini. Vumbi la shamba hukijaza haraka kuliko mtu anavyodhani. Watengenezaji wengi wa injini hizi ndogo huagiza kisafishwe kila saa 50 za kazi, na mapema zaidi penye vumbi. Anayepiga maji saa 6 kwa siku hufikisha saa 50 katika siku tisa. Sponji yake huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikakaushwa kivulini, ikachovywa kwenye oili safi ya injini kisha ikakamuliwa vizuri. Isioshwe kwa petroli: moto huanzia hapo, na petroli huila sponji yenyewe. Sehemu ya karatasi hupigwapigwa taratibu kwenye kitu kigumu, au hupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Ikipulizwa kutoka nje, vumbi hupenyezwa ndani ya karatasi na halitoki tena.

Petroli nayo ina njia yake ya kuzibwa. Injini inayowaka vizuri, ikafanya kazi dakika kumi, ikafa, kisha ikawaka tena baada ya kupumzishwa, ichunguzwe kwanza kifuniko cha tangi. Kina kitundu kidogo cha kuingizia hewa. Kikizibwa na vumbi na oili, petroli inashindwa kushuka kwa sababu hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake. Kifuniko kikilegezwa na injini ikapata nguvu papo hapo, ugonjwa umejulikana na gharama yake ni sindano moja ya kuzibulia.

Jambo moja la injini hizi linapaswa kujulikana na kila anayezitumia kwenye ukingo wa mto. Nyingi hazina pampu ya oili. Ndani mna kijiko kidogo kinachorusha oili juu kwa kuipiga, basi. Injini ikikaa mteremkoni, oili hukimbilia upande mmoja na kijiko hupiga hewa. Baadhi zina sensa inayozima injini oili ikipungua, na wapo watu wanaokata waya wa sensa hiyo kwa sababu "inasumbua". Inasumbua kwa kuwa injini imeinama au oili haitoshi. Kiasi chake si kikubwa, karibu lita 0.6 kwa injini ndogo za kawaida, na hubadilishwa kila saa 100, isipokuwa mara ya kwanza kabisa ambapo ni saa 20.

Taa nyekundu ya gari

Gari lina pampu ya oili, tena linaitegemea kama mwili unavyoutegemea moyo. Presha yake ikikosekana, chuma hukutana na chuma, na injini inaweza kuharibika ndani ya dakika moja au mbili. Taa nyekundu yenye umbo la birika la oili haimwambii dereva aongeze oili akifika mjini. Inamwambia azime sasa. Dereva wa pikapu ya maembe anayejipa moyo kwamba kutoka Ganze hadi Kilifi si mbali anaweka rehani injini nzima kwa safari moja.

Gari likishazimwa mahali tambarare, lipewe dakika kumi oili ishuke, kisha kijiti cha kupimia kitolewe, kifutwe, kirudishwe na kutolewa tena. Oili ikiwa chini ya alama, iongezwe ya aina inayotakiwa, injini iwashwe, na taa izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, au kama oili ilikuwa ya kutosha tangu mwanzo, gari livutwe. Kijiti kikionyesha oili imezidi na inanuka petroli au dizeli, mafuta yamevuja na kuifanya nyepesi. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia.

Kwenye gereji, kazi ya kwanza si kubadilisha pampu ya oili. Fundi mzuri hufungua swichi ya taa hiyo, akafunga geji ya mkono mahali pake, akawasha injini hadi ipate moto wa kawaida. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho, lakini injini nyingi za petroli zikiwa na moto husoma karibu bar 1 zikinguruma taratibu na bar 3 hadi 4 kwenye mizunguko 3,000. Geji ikionyesha hivyo na taa bado inawaka, kilichoharibika ni swichi au waya wake, kitu cha bei ndogo. Presha ikiwa nzuri injini ikiwa baridi na kuporomoka ikipata moto, beringi zimelika au oili ni nyepesi mno. Ikiwa inashuka kadiri mwendo unavyoongezwa, wavu wa kunyonyea oili chini ya injini umezibwa na utope mweusi. Huo ni ugonjwa ule ule wa pampu ya Sabaki, ndani ya bakuli la chuma, na unatokana na kuchelewesha kubadilisha oili.

Wengi hudhani filta ya oili ikiziba, taa itawaka. Haiwaki. Ndani ya filta au kando yake mna valvu ndogo ya kupitishia: filta ikijaa, valvu inafunguka na oili chafu inapita moja kwa moja kwenye injini bila kuchujwa. Waliobuni waliona heri oili chafu kuliko kukosa oili. Kwa hiyo kichujio cha maji shambani hulalamika kikijaa, lakini filta ya oili hunyamaza. Haisubiriwi dalili yake. Hubadilishwa kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, na mapema kwa gari la barabara za vumbi au la safari fupi fupi. Kuibadilisha oili bila filta, ili kupunguza gharama, ni kuoga na kuvaa nguo chafu.

Filta mpya inapofungwa, mpira wake hupakwa oili kidogo, ikazungushwa kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko zaidi. Ile ya zamani iangaliwe kama imetoka na mpira wake. Mpira ukibaki umeganda kwenye injini na filta mpya ikafungwa juu yake, yote miwili itashika kwa saa kadhaa, kisha oili yote itamwagika barabarani ghafla. Mwenye gari anayesimama karibu na fundi na kuuliza, "Fundi, mpira wa zamani umetoka?" hajaonyesha dharau yoyote.

Kwa dizeli, filta ya mafuta ndiyo inayozaa malalamiko mengi. Gari huwaka vizuri, hunguruma vizuri, na kwenye mlima lenye mzigo hukosa nguvu, kwa sababu hapo ndipo linahitaji mafuta mengi na filta haipitishi. Injini za dizeli za kisasa husukuma mafuta kwa presha inayozidi bar 1,500, na nafasi za ndani ya injekta ni nyembamba kuliko chembe yoyote ya vumbi inayoonekana kwa jicho. Tone la maji huko ndani huleta kutu. Filta hizo zina koki chini yake ya kutolea maji, na anayenunua dizeli kwa mitungi aifungue kila wiki mpaka itoke dizeli tupu. Filta ya bei nusu ya kawaida, yenye maandishi yaliyopauka na boksi lisilo na namba ya kipuri, mara nyingi ina karatasi chache ndani au gundi iliyoachia. Anayeshuku aikate ya zamani kwa msumeno na kuhesabu mikunjo.

Mafuta yaliyotumika

Oili inayotolewa kwenye gari au pampu haimwagwi mtoni, mtaroni wala kwenye shimo la choo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kutupa taka kwa namna inayochafua mazingira, na kwa wanaokunywa maji ya Sabaki sababu hazihitaji kutafutwa mbali. Hukusanywa kwenye mtungi wenye kifuniko na kupelekwa gereji inayouza oili chakavu kwa wenye leseni ya kuikusanya. Filta ya zamani hutobolewa juu, ikageuzwa na kuachwa usiku mzima oili idondoke ndani ya mtungi huo huo. Mitungi isiwe ile iliyokuwa na maji ya kunywa, na iandikwe kwa rangi, kwa maana oili nyeusi ndani ya jerikeni la njano haitofautiani sana na asali usiku.